Madumu Chini ya Turubai

Shemeji yangu Orrin Tjaden hajui kukaa. Ana miaka arobaini na mmoja tangu amwoe dada yangu Vonda, na sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha kahawa kwenye kiti alichoanzia. Anaanzia mezani, anahamia dirishani, anamalizia uani akiwa amesahau alichokwenda kufanya. Kanisani hukaa benchi la nyuma, na mguu wake hutikisika mpaka kitabu cha nyimbo cha jirani kinateleza. Msimu wa kupanda mahindi tabia hiyo inamfaa, maana analala kwa muda wa saa nne tu na hachoki. Lakini shamba likishafunikwa na theluji, mtu huyu ni adhabu. Dada yangu humtuma dukani kununua chumvi ili tu atoke ndani. Ukifungua kabati la jikoni kwao utakuta pakiti tisa za chumvi.

Mimi ni Lowell, mdogo wake Vonda. Natengeneza injini ndogo kwenye banda nyuma ya nyumba yangu hapa Amsel, kaskazini mwa Iowa: mashine za kukata nyasi, misumeno, jenereta, injini za mashua. Nasema mapema kwamba sina subira na watu, hasa wale wanaoniletea mashine wakiapa kwamba jana ilikuwa nzima. Haikuwa nzima jana. Ilikuwa imekufa tangu Oktoba, ila hukuwa umeiuliza.

Kinachoziua ni ethanoli, na hapo ndipo ugomvi wangu na mji huu unapoanzia. Miaka ishirini iliyopita wakulima wa hapa walichanga wakajenga kiwanda cha kugeuza mahindi yao kuwa ethanoli, ichanganywe kwenye petroli. Orrin ndiye aliyezunguka nyumba hadi nyumba kuwashawishi. Alisimama milangoni mwa watu na kofia yake yenye picha ya hindi, akisema neno lile lile: "Tunacholima hapa, tukichome hapa." Watu wakamwamini. Kiwanda kikajengwa, bei ya mahindi ikapanda, shule yetu haikufungwa kama zilivyofungwa za majirani. Namheshimu kwa hilo na sitaacha kumheshimu.

Lakini gari linalotembea kila siku ni jambo moja, na mashine inayolala miezi minane ni jambo jingine. Ethanoli hunyonya maji kutoka hewani. Ikikaa sana, maji yanajitenga na kuzama chini ya tangi, kabureta inaota ukoko mweupe, na siku unayoihitaji mashine unavuta kamba mpaka bega linalia. Dawa yake ni kutia petroli tupu, isiyo na ethanoli. Hapa mjini inapatikana. Kituo chetu cha mafuta kina pampu moja ya petroli tupu, na pampu hiyo inatazamana na dirisha la mkahawa ambako kila asubuhi saa tatu bodi nzima ya kiwanda inakunywa kahawa. Kwa hiyo wanunuzi ni mimi na wageni wa mashua wakati wa kiangazi. Mkulima wa mahindi wa Amsel hawezi kushika mpira wa pampu ile mbele ya dirisha lile. Afadhali aonekane akitoka baa Jumapili asubuhi.

Kila masika banda langu linajaa mashine zao. Nazisafisha, nawaambia sababu, wanatikisa vichwa kwa adabu, mwaka unaofuata wanarudi na ukoko ule ule. Ni mtu mmoja tu ambaye mashine zake hazikuwahi kuletwa kwangu kwa ugonjwa huo, na mtu huyo ni Orrin.

Nilijiuliza miaka mingi. Kisha akaniletea mashine ya nyasi iliyopinda kisu baada ya kugonga jiwe. Nikachukua petroli kidogo kwenye tangi lake, nikaitia kwenye chupa ya jamu, nikaongeza maji, nikapiga alama kwa kalamu pale maji yalipofika, nikatikisa. Petroli ikiwa na ethanoli, maji yanaimeza na mstari unapanda. Mstari wa Orrin haukupanda hata unywele. Nilicheka peke yangu bandani mpaka mbwa akabweka.

Basi nikaelewa zile Jumamosi. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, Orrin alikuwa akienda maili arobaini, ng'ambo ya mpaka wa Minnesota, "kuangalia matairi." Turubai lilikuwa limefungwa nyuma ya pikapu mwaka mzima. Alikuwa anakwenda kununua petroli tupu kwa watu wasiomjua. Na kwa sehemu kubwa aliinunua kwa ajili ya Vonda. Mapafu ya dada yangu yameharibika, anapumua kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme, na umeme wetu wa vijijini ukikatika ni jenereta ya nyumbani inayomweka hai. Orrin huiwasha jenereta ile kila Jumatatu kuijaribu, na Jumatano tena kwa sababu hatulii.

Sikumwambia kwamba najua. Kwetu jambo la aibu la mtu halisemwi mbele yake. Unaulizia hali ya mahindi, unasifu keki, unaondoka. Tumelelewa hivyo, na tunajisifu kwamba ndiyo ustaarabu.

Miaka mitatu iliyopita kanisa letu lilinunua jenereta, na katika mkutano wa baraza nikasimama. Nilisema, "Hii itakaa bila kazi mwaka mzima, tutie petroli tupu." Orrin akasimama na yeye. Alikuwa mzuri siku ile, siwezi kumnyima. Alitembea huku na huku kati ya viti akisema, "Kanisa la wakulima wa mahindi linunue mafuta ya watu wa mashua? Watoto wetu watatuelewaje? Tunacholima hapa, tukichome hapa!" Wakapiga makofi, wakapiga kura. Mkono wa kupinga ulikuwa mmoja, wangu. Nilimtazama Orrin usoni na yeye akatazama kofia yake.

Baadaye alinifuata kwenye birika la kahawa.

"Hujanuna, shemeji?"

"Ninune kwa lipi? Kahawa nzuri hii."

Ningeweza kusema pale pale. Nilikuwa na jibu mdomoni na nikalimeza na kahawa. Mafuta yaliyotiwa kwenye jenereta wiki ile ndiyo yaliyobaki humo, maana hakuna aliyekumbuka kuyabadilisha, na mimi niliyekumbuka nilikuwa nimekasirika. Nilisema moyoni, wacha wajionee.

Ikaja Jumamosi ya pili ya Januari. Wanawake wa kanisa walikuwa kwenye chumba cha chini wakishona mablanketi ya viraka ya kupelekwa kwa wenye shida, kama wanavyofanya kila majira ya baridi. Nilimleta Vonda mwenyewe, kwa sababu Orrin alikuwa ameondoka alfajiri kuangalia matairi. Tukaichomeka mashine yake ya oksijeni ukutani. Mtungi mdogo wa dharura ukakaa chini ya kiti chake.

Saa tatu mvua ikaanza, ile inayoganda ikigusa chochote. Saa nne kila tawi lilikuwa limevaa barafu nene kama kidole. Saa nne na nusu tulisikia mti ukikatika mahali fulani na taa zikazimika. Cherehani zikanyamaza, na mashine ya Vonda ikapiga mluzi mrefu ikafa.

Dada yangu hakupaparika. Alihamisha mpira wa puani kwenda kwenye mtungi, akaufungua, akachukua sindano yake na kuendelea kushona.

"Una muda gani?" nikamuuliza.

"Saa moja na nusu. Nikiupunguza, labda mbili. Orrin atakuwa amefika."

"Yuko njiani kwenye barafu hii?"

"Orrin? Umewahi kumwona akingoja barafu iyeyuke?"

Delwyn Abben, mwenyekiti wa baraza la kanisa na mjumbe wa bodi ya kiwanda, alikuwa amekuja kumshusha mkewe Ardis na barafu ikamfungia humo. Akapiga makofi mawili. "Akina mama, msiwe na wasiwasi. Ni kwa siku kama hii tulinunua jenereta."

Tulikwenda naye bandani nyuma ya kanisa tukishikana mabega kama walevi. Nilivuta kamba mara ishirini. Delwyn akavuta kumi. Haikukohoa hata mara moja. Nikafungua skrubu ya chini ya tangi, nikakinga kwa chupa ya jamu niliyoikuta pale. Juu ilikuwa petroli nyekundu kama chai iliyolala, na chini yake vidole viwili vya maji. Dumu la akiba lililokuwa pembeni lilikuwa na uchafu ule ule. Niliipeleka chupa ndani nikaiweka mezani mbele ya Delwyn, katikati ya vitambaa.

"Nini hiki?"

"Mafuta yako."

"Mbona yana maji?"

"Uliza ethanoli. Mara ya mwisho kuyabadilisha ilikuwa lini?"

Delwyn akatazama dari. "Si tulinunua mapya?"

"Mwaka gani, Delwyn?"

Ardis akasema tunyonye kwenye magari. Pikapu zilizokuwa nje zilikuwa za dizeli, zote isipokuwa gari langu na la mchungaji. Delwyn akajaribu kwa mpira kote kuwili, na kote kuwili mpira ukaingia kiganja kimoja ukagota, kwa sababu siku hizi wenye viwanda vya magari wanaziba shingo ya tangi wezi wasinyonye. Kituo cha mafuta hakikuwa na umeme wa kuendesha pampu. Nikapiga simu ya dharura. Mwanamke aliyepokea alisema kwa upole kwamba hakuna gari la wagonjwa litakalotoka mpaka barabara zimwagiwe mchanga, na mchanga hautafika upande wetu kabla ya saa nane. Kati ya kanisa na nyumba ya Vonda, iliko jenereta nzima, kuna mteremko wa kijito, na tulishaona magari mawili yamelala mtaroni pale.

Basi nikafanya lile ninalolijua. Nilifungua kabureta nikaileta jikoni, nikaitandaza juu ya gazeti kando ya nyama ya nguruwe ya chakula cha mchana. Ilikuwa imejaa ukoko. Kile kitundu chembamba kinachopitisha mafuta kilikuwa kimezibika kabisa, na waya wangu wa kuzibulia ulikuwa nyumbani.

"Ardis, nipe sindano nyembamba kuliko zote mlizonazo."

Akaniletea tatu. Mbili zilivunjika. Ya tatu ikapita, nikapuliza kwa mdomo mpaka masikio yakaniuma, nikaona mwanga upande wa pili. Saa sita kasoro robo kabureta ilikuwa imerudi mahali pake, safi, tangi limekaushwa kwa taulo, na hatukuwa na kikombe kimoja cha petroli ya kutia ndani yake.

Nilirudi kwa Vonda. Mshale wa mtungi ulikuwa kwenye alama nyekundu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau iliyofifia, na alikuwa bado anashona, ila mishono yake imekuwa mirefu. Dada yangu hashoni mishono mirefu. Hapo ndipo woga uliponishika barabara, na pamoja na woga nikajichukia, kwa sababu miaka mitatu nilikuwa na maneno ya kuzuia jambo hili na niliyaweka mdomoni nikayalalia kwa hasira.

Saa sita na dakika tano tukasikia pikapu. Ilizimwa nje ya kanisa. Nikangoja mlango. Mlango haukufunguka. Nikatoka.

Orrin alikuwa amesimama nyuma ya gari lake. Kioo cha pembeni hakikuwapo, ubavu mzima umekwaruzwa, koti lake limeganda. Ameshika ukingo wa turubai na hasogei. Sijawahi kumwona mtu yule ametulia vile.

"Umeme umekatika," nikamwambia. "Vonda yuko kwenye mtungi na mtungi unakwisha. Jenereta haina mafuta. Una petroli humo?"

"Nani amekwambia nina petroli?"

"Orrin! Sijakuuliza historia. Unayo?"

Akageuza macho kwenye madirisha ya chumba cha chini, yale mafupi yaliyo sawa na ardhi. "Delwyn yumo?"

"Wamo wote."

"Lowell. Shemeji." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sema ni yako. Sema uliisahau kwenye gari langu. Wewe kila mtu anajua unanunua, haikupunguzii kitu."

"Toa dumu."

"Sema kwanza utasema."

Nilikunja ngumi. Nina miaka sitini na mbili, sijampiga mtu tangu shule, na nilikuwa nimeshachagua mahali pa kupiga, chini tu ya lile hindi la kwenye kofia. "Nitasema ni yangu. Ukitaka nitasema ni ya marehemu bibi yangu. Toa dumu, Orrin, dada yangu anakufa!"

Akafunua turubai. Madumu sita mekundu yalikuwa yamefungwa kamba safi, yamepangwa kama watoto wa kwaya. Nikachukua moja nikakimbia, nikaanguka, nikaamka, nikakimbia tena. Nilimimina nusu kwenye tangi na nusu kwenye suruali yangu. Mvuto wa kwanza, kimya. Wa pili, kimya. Wa tatu ikakohoa. Wa nne ikashika, na mlio wake ulikuwa mbaya na mkubwa na mimi nikakaa chini kwenye sakafu ya banda nikalia kidogo. Naandika hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Walipitisha waya dirishani. Mashine ya oksijeni ikapiga mluzi wake, ikaanza kunguruma. Vonda akafumba macho, akavuta hewa, tukamtazama sote bila haya. Baada ya robo saa midomo ilikuwa inarudi rangi, naye akauliza kama hatuna kazi nyingine.

Ndipo Delwyn alipokuja kunishika mkono mbele ya watu.

"Lowell, umetuokoa. Siku ile ya mkutano tulikuona mbishi tu. Kumbe hata kwenye gari la Orrin umeweka petroli yako tupu kwa ajili yetu! Akina mama, makofi kwa Lowell."

Wakapiga makofi. Nikafungua mdomo kusema ule uongo niliouahidi. Orrin alikuwa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta, nyayo zake zikiacha maji, anavua kofia, anaivaa, anaivua.

"Si yake," akasema.

Delwyn akacheka. "Nini si yake?"

"Petroli. Ni yangu. Ninayo madumu mengine matano kwenye gari. Naifuata Minnesota. Miaka minane sasa." Alisema haraka haraka, kama mtu anayeogopa atakatizwa. "Sitii ethanoli kwenye jenereta ya Vonda. Sijawahi kutia. Naijua inavyofanya. Nilisimama hapa hapa nikawaambia muitie kwenye jenereta ya kanisa, na nilikuwa najua."

Ardis alianza kukunja kitambaa ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Watu wetu wakizidiwa na ukweli hutafuta kitu cha kukunja.

"Basi, basi, Orrin," Delwyn akasema akitazama chupa ya jamu. "Barabara ilikuwaje? Naona kioo kimekwenda."

"Mwache amalize," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, na nilikuwa nimechelewa miaka mitatu.

Orrin akamgeukia mkewe. "Na nimemwomba Lowell aseme ni yake. Pale nje. Wewe uko humu huna pumzi, na mimi nimesimama nafikiria Delwyn ataniona vipi. Dakika nzima, Vonda."

Vonda alimtazama. Alikuwa na sindano mkononi bado.

"Ni zaidi ya dakika," akasema. "Nilisikia ukizima gari. Sikuwa na kazi nyingine ya kufanya ila kuhesabu."

Orrin alikaa. Alikaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto wa shule ya Jumapili, magoti karibu na kidevu, mguu hautikisiki.

"Ulijua habari ya petroli?" akamuuliza.

"We Orrin. Mtu gani anaangalia matairi miaka minane na gari lina matairi yale yale? Mwaka wa kwanza nilidhani una mwanamke huko. Nikanusa koti lako. Nikasema, hapana, mwanamke hanuki hivi, na kama ananuka hivi basi tumwonee huruma." Ardis akapasuka kicheko, akaziba mdomo. Vonda hakucheka. "Nilikuwa nangoja uniambie. Unajua unanifanyia jambo zuri na unalificha kana kwamba ni uchafu. Hilo lilikuwa linaniuma kuliko mapafu."

"Nisamehe."

"Jumatatu," Vonda akasema. "Jumatatu saa tatu, mbele ya dirisha la mkahawa. Na mimi nitakuwa kwenye gari."

Jumatatu nilifika mkahawani saa tatu kasoro, ingawa kahawa yao siipendi. Bodi nzima ilikuwepo, Delwyn katikati, wote wanaongea habari za barafu kwa bidii sana. Mji mzima ulishajua, na hakuna aliyetaja. Saa tatu kamili pikapu isiyo na kioo cha pembeni ikaingia kituoni, ikapita pampu tatu za kwanza na kusimama kwenye ile ya petroli tupu. Vonda alikuwa kiti cha abiria, mpira wa oksijeni puani, kitambaa cha rangi nzuri shingoni.

Orrin akashuka. Alikuwa na kofia yake ya hindi, hakuivua. Turubai halikuwapo. Alishusha dumu moja, akaliweka chini, akatia mpira wa pampu, akasimama akitutazama kupitia kioo. Pampu ile ni ya zamani, inajaza polepole. Mezani mazungumzo ya barafu yalipungua, yakaisha. Orrin hakusogeza mguu, hakugeuza shingo. Likajaa la kwanza, akafunga kifuniko, akaanza la pili.

"Anaweza kuingia anywe kahawa," Delwyn akasema mwishowe, kwa sauti ya chini.

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu.

La pili lilipojaa Orrin aliurudisha mpira mahali pake na kushika kitasa cha mlango. Vonda akagonga kioo kwa pete yake na kumwonyesha vidole vitatu. Orrin alimtazama, akaelewa, akarudi nyuma ya gari kuchukua dumu la tatu, lile lililoandikwa kwa rangi nyeupe jina la kanisa.